Mistari Sita ya Chini

Jumanne, 8 Julai

Darasa tena. Ukumbi ule ule nyuma ya maduka ya Garsen, feni moja inazunguka kwa kusitasita. Joto. Mimi ndiye mkubwa kuliko wote mle ndani. Vijana wanabonyeza kwa vidole kumi, mimi kwa kimoja.

Nimejifunza alama ya sawasawa. Mwalimu Kazungu anasema bila alama hiyo lahajedwali ni karatasi tu. Ukiitanguliza, mashine inajua imeamrishwa. Nikaandika =2+3, ikawa tano. Nilicheka kwa sauti, vijana wakageuka. Kisha SUM, ya kujumlisha. Unaandika =SUM, unafungua mabano, unataja kijumba cha kwanza, nukta mbili, kijumba cha mwisho, unafunga. Jumla inatoka kabla hujapepesa jicho. Kila kijumba kina anwani yake, C2, C3, C4, kama nyumba za mtaani.

Nimeziingiza familia thelathini za chama chetu cha wafugaji, kwenye kompyuta ya mkononi wanayonipa nije nayo. Majina safu ya A, vijiji safu ya B, idadi ya mbuzi safu ya C. Zimeanza mstari wa pili, zimeishia wa thelathini na moja. Jumla nimeiweka pembeni, juu kabisa, nisihangaike kushuka chini kila mara. =SUM(C2:C31). Mbuzi 1,140.

Miaka yote nimejumlisha kwa kalamu, na kila nikirudia napata hesabu nyingine. Leo nimerudia mara nyingi, jibu halibadiliki.

Mwenyekiti wa chama alipita akachungulia. "Karani, sasa umekuwa mtu wa ofisi." Nimeringa. Naandika ukweli. Nimeringa mpaka mlangoni kwangu.


Alhamisi, 10 Julai

Halima amekuja sokoni na kibuyu cha maziwa. Ya kwangu hakuyauza, alinimiminia tu, kama desturi yake.

Tulijuana kambini, wakati wa mafuriko. Hema lake na langu yalipandana kamba. Nilipolazwa na malaria ndiye aliyekuwa akininywesha uji. Mimi kwetu Ngao, Mpokomo, wakulima. Yeye Muorma, wafugaji. Si kila mwaka watu wetu wanapatana. Mimi na yeye hatujawahi kukosana.

Maji yalimmalizia ng'ombe. Amebaki na mbuzi. Yeye na familia nyingine tano za Waorma wamehamia ng'ambo ya mto, hawamo kwenye chama. Amesikia sotoka imeingia kwa mbuzi wa huko juu. Wanatoka makamasi, wanapata vidonda mdomoni, wanahara, zizi zima linalala. Amesikia pia sisi tutachanja.

"Dada Damari, na sisi tuandike. Mbuzi yetu nayo ni mbuzi."

Nimemwomba Mwenyekiti, amekubali bila maneno mengi. Jioni nimewaandika chini ya wale thelathini. Mistari sita mipya. Halima wa mwisho. Nikampigia simu, "Mmeshaingia kwenye kompyuta." Akaniombea dua ndefu mpaka salio likamkatikia.

Moyo mweupe leo.


Jumatatu, 14 Julai

Nimepiga simu stoo ya chanjo, Hola. Wakauliza mbuzi wangapi. Nikasoma pale pembeni juu: elfu moja mia moja arobaini. Chupa moja ni mbuzi mia. Basi kumi na mbili. Aliyepokea akasema afadhali mimi, wengine wanampigia na makisio.

Salim ataenda kuzichukua. Ndiye mchanjaji wetu. Mtu wa Kipini, mpole, Kiswahili chake kinateleza mpaka unasahau alichokuambia ni kazi. Mkono mwepesi. Mbuzi hawapigi kelele akiwachoma.

Nimenunua peni mpya, kwa mazoea. Sijui ya nini sasa.


Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya.

Upande huu wa mto kazi ilikwenda vizuri. Watu walileta mbuzi, wengine zaidi kidogo ya walioandikisha, Salim akachoma, mimi nikatia alama. Jua kali. Kabla ya alasiri tulivuka. Salim alifungua boksi la barafu kwenye ukingo wa ng'ambo akakuta chupa moja tu, nayo ilikuwa imebaki matone.

Familia sita zimengoja tangu alfajiri. Wamezuia mbuzi wasiende malishoni. Wamefunga wale wakorofi miguu. Halima amefagia mahali pa Salim kukaa.

Nilimgeukia Salim mbele ya watu. "Ulihesabu vipi?"

"Dada, mimi nabeba nilichopewa."

Nilimjibu kwa ukali. Sitaki kuandika nililosema. Halima akaniuliza, "Si ulisema tuko kwa kompyuta?" Nikamwambia mmo, nimewaandika mimi mwenyewe, tatizo liko kwingine.

Mwenyekiti anasema tutaagiza tena mwezi ujao. Tumerudi. Salim alibeba boksi peke yake.


Jumanne, 22 Julai

Ni mimi.

Mwalimu Kazungu ameandika kwenye kompyuta yake, sote tukitazama, orodha ya wanafunzi watano kuanzia mstari wa pili, akaweka jumla ya alama zao. Kisha akaongeza wa sita chini. Jumla haikubadilika. Akauliza kwa nini. Vijana wakabahatisha. Mimi nilikuwa nimeshajua kabla hajajibu.

"Fomula ni mtiifu, si mwerevu," akasema. "Uliiambia ikome mstari wa sita, itakoma mstari wa sita. Ukiongeza watu chini, ni kazi yako kuisogeza."

Nilifungua faili yetu. Nikabonyeza ile jumla. C2 mpaka C31. Familia thelathini. Halima yuko mstari wa thelathini na saba.

Nikaisogeza. =SUM(C2:C37). Ikatoka 1,348. Chupa kumi na nne. Niliagiza kumi na mbili.

Chupa mbili. Salim hakukosea. Nilimfokea mbele ya watu kwa kosa langu.

Ningesema pale pale. Ningempigia Mwenyekiti nikiwa bado ukumbini. Badala yake nikabonyeza kuhifadhi, nikafunga, nikamwambia mwalimu kichwa kinauma. Faili sasa iko sawa. Nimejiambia hilo njia nzima. Iko sawa. Mwezi ujao wataletewa zote. Hakuna aliyekufa.


Ijumaa, 25 Julai

Sotoka imeshuka kutoka huko juu. Mbuzi wa ng'ambo wameanza kutoka makamasi.

Upande huu hakuna hata mmoja.


Jumapili, 27 Julai

Nilikwenda kanisani Ngao. Nikaimba. Wakati wa maungamo nikafumba macho na sikusema kitu, hata kimoyomoyo. Niliogopa kwamba nikianza sitaweza kukomea ndani.

Mchana nikavuka kwa Halima. Bora nisingeenda. Bora ningeenda mapema.

Mizoga wameiburuta mbali na mazizi lakini harufu inafika. Mbuzi waliosimama wamesimama kwa taabu, midomo imeoza, mikia imelowa. Kuna jike mweupe, wa maziwa, alikuwa anajaribu kulamba mwanawe na ulimi hautoki. Halima aliniona nikimtazama. Akasema huyo alimbeba wakati wa mafuriko. Maji kifuani, mbuzi mabegani.

Akanipa chai ya rangi. Akaomba radhi kwamba haina maziwa. Aliniomba mimi radhi.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka niliufungua. Akanitangulia. Watu wanasema Salim ameuza chupa njiani, kwa wenye mbuzi wengi. Mimi naonaje? Nikasema sijui.

Sijui. Ndilo neno nililompa.

Kwa nini sisemi? Niandike sababu, nizione. Kwanza aibu. Nimejitapa na ile kompyuta Garsen nzima. Pili kazi. Tatu, na hii ndiyo inayonikaba: watasema karani Mpokomo amewaruka Waorma makusudi. Thelathini wamechanjwa, sita wameachwa, na sita hao ni nani? Nani ataamini ni nukta mbili na nambari?

Sababu tatu. Hakuna hata moja inayomhusu Halima.


Jumanne, 29 Julai

Kikao cha kamati. Naandika haraka.

Watu wa ng'ambo walileta malalamiko. Mwenyekiti akaniambia fungua kompyuta, soma jumla ya mbuzi wote. Kompyuta iko mbele yangu, macho yote kwangu. Nikasoma kilichoandikwa. 1,348.

"Basi chupa kumi na nne," akasema. "Na zilizofika ni kumi na mbili. Salim, mbili ziko wapi?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Naapa sikuliwaza. Nilipoisahihisha ile fomula nilidhani nafuta kosa langu. Kumbe namwandikia Salim la kwake.

Salim alisimama. Akasema kwa upole alipewa kumi na mbili, akaleta kumi na mbili, waulizwe Hola. Mwenyekiti akapiga simu pale pale, akaweka sauti kubwa. Aliyepokea ni mwingine. Yule aliyetoa chanjo yuko likizo, hati zake zimo kabatini, funguo anazo mwenyewe, atarudi mwisho wa mwezi ujao.

"Kompyuta haina undugu na mtu," Mwenyekiti akasema. Salim asimamishwe kazi mpaka hapo. Arudishe boksi na sindano.

Nami nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao. Niliandika, "Imeamuliwa." Mwandiko wangu ulikuwa mzuri.


Alhamisi, 31 Julai

Salim alinifuata nyumbani baada ya swala ya alasiri. Hakuingia. Alisimama nje ya ua.

"Dada Damari, wewe ndiye uliyepiga simu Hola. Uliwatajia mbuzi wangapi?"

Alikuwa na matumaini usoni. Aliamini naweza kumsaidia.

"Sikumbuki, Salim."

Akanitazama machoni, nami nikamtazama. Kisha akasema, "Haya, dada. Ukikumbuka," akaondoka.

Nilikumbuka. Nilikuwa nakumbuka mpaka sauti ya yule mtu wa Hola akinisifu. Mpaka leo nilikuwa nimenyamaza tu. Leo nimesema uongo.


Jumamosi, 2 Agosti

Darasani tumefundishwa AVERAGE na COUNT. Mwalimu Kazungu ameniuliza kwa nini siulizi maswali tena. Fomula zote zinaanza na alama ile ile. Naiona, naangalia kando.

Najiambia yule wa Hola akirudi itajulikana yenyewe. Salim atasafishika. Mimi nitasema, eh, kumbe! Nitashangaa pamoja na wenzangu.

Nilijiona nikifanya mazoezi ya kushangaa. Nimejichukia.


Jumatatu, 4 Agosti

Vijana wa ng'ambo wamemkamata Salim sokoni. Walimshika shati, likachanika. Mmoja alimpiga kofi. Wanawake wa mboga ndio waliowatenganisha. Nilikuwa nanunua viazi. Niliona yote. Nilisikia mtu akiita "mwizi wa chanjo" na watu wakacheka.

Salim hakupigana. Aliokota kofia yake akaipangusa. Jioni nimesikia amefunga chumba chake, amerudi kwao Kipini.

Kofi lile ni langu.

Kesho kutwa kuna baraza ng'ambo, Mwenyekiti anakwenda kuwatuliza. Nitasema. Nimeandika hapa ili nisiweze kurudi nyuma. Ingawa najua karatasi hainizuii.


Jumatano, 6 Agosti

Nimesema.

Tulikaa chini ya turubai, kwenye uwanja kati ya mazizi. Mazizi matatu ni matupu kabisa. Mwenyekiti aliongea kwanza, akaeleza mwizi ameshaondolewa. Watu wakaitikia. Nikainua mkono kama mtoto wa shule.

Nikasema Salim hakuiba. Aliagiziwa kumi na mbili. Niliyeagiza kumi na mbili ni mimi.

Mwenyekiti alikunja uso. "Karani, usimkinge mtu. Kompyuta tumeiona wote."

"Mliiona baada ya mimi kuirekebisha."

Nikafungua ile kompyuta nikaieleza fomula. C2, C31, C37. Hakuna aliyenielewa, niliona nyusoni. Mzee mmoja akasema maneno ya mashine ni ya kuficha. Nikaifunga. Nikaeleza kwa namna nyingine. Jioni mbuzi wanaingia, umesimama langoni unahesabu. Umehesabu thelathini wa mbele, ukafunga lango, ukaenda kumwambia mwenye zizi hii ndiyo jumla. Nyuma yako wamebaki sita nje, na wewe mwenyewe ndiye uliyewaita.

Hapo walielewa.

Yule mzee akauliza nililokuwa naliogopa. "Ulifunga makusudi?"

"Hapana. Sikujua kwamba lango linafungika."

Niliona wananiamini. Ajabu. Nikadhani yameisha. Mwenyekiti akaanza kusema kukosea ni kwa binadamu.

Halima alikuwa bado hajazungumza. Alikaa mbele, mikono mapajani. Akasema, "Kukosea ni ya watu, ndiyo. Mimi nauliza ingine. Ulijua lini?"

Nilimwambia. Jumanne ile ya darasa.

"Kabla ya kuja kwangu?"

"Kabla."

"Ulikunywa chai yangu umejua?"

"Nilikuwa nimejua."

"Na Salim wakimfukuza, umejua?"

"Nilijua."

Hakupaza sauti. Alinyanyuka, akajifunga leso vizuri, akaenda kwenye zizi lake. Wale vijana waliompiga Salim walikuwa wanatazama chini.

Nimelia njiani. Mwenyekiti hakunibembeleza na amefanya vyema.


Ijumaa, 8 Agosti

Nilipeleka barua ya kuacha kazi. Kamati wameikataa. Si kwa huruma. Hakuna mwingine anayejua kutumia lahajedwali. Kosa langu lilitokana na kujua kidogo, na kujua kidogo huko huko ndiko kunakoniweka kazini. Sijui nifanye nini na jambo kama hili.

Nimeomba sharti moja. Wanachama wawili wajifunze pamoja nami, na hesabu yoyote isitoke ofisini mpaka mmoja wao ameipitia. Wamekubali. Mwenyekiti ametangaza sokoni kwa kipaza sauti kwamba Salim ni msafi. Ametaja jina langu pia. Nilisimama hapo nikasikiliza mpaka mwisho.

Mwalimu Kazungu amesikia. Alinisogelea baada ya darasa akasema pengine angefundisha jambo hilo siku ya kwanza. Nikamwambia hapana, mwalimu. Ulilifundisha kwa wakati. Nilikuwa na muda wote wa kusema.


Jumapili, 10 Agosti

Kipini. Nilipanda gari la asubuhi.

Nyumba yao iko karibu na msikiti. Mama yake alinipokea vizuri kabla hajajua mimi ni nani, akanikaribisha jamvini. Nilipotaja jina akarudi kwenye mchele aliokuwa akichambua.

"Wewe ndiwe karani."

"Ndimi, mama."

"Mwanangu alirudi hapa na shati lililochanika. Hakunambia kitu. Nimekuja kuyasikia kwa watu."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi ile si yake kuipokea, akamwita.

Salim alitoka, akasimama mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakanipotea. Nikamwambia nilikudanganya. Nilikumbuka. Nilikumbuka kila kitu ulipokuja kuniuliza.

"Nilijua," akasema.

Sikutarajia. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema kwenye kamati, sokoni, popote.

"Ningesema nini, dada? Neno langu na neno la kompyuta. Nilikuachia wewe." Akaanza kugeuka. "Lile kosa la hesabu halinihusu. Lakini ulinitazama machoni."

Hakuna zaidi. Alirudi ndani. Mama yake alinifungia muhogo wa kuchemsha wa njiani, nami nilishindwa kuula. Niliushika mapajani mpaka Garsen.


Jumamosi, 16 Agosti

Chanjo zimeagizwa upya. Mmoja wa wale wawili tunaojifunza pamoja, Mwanajuma, alibonyeza ile jumla, akaisoma fomula kwa kidole kwenye kioo, akashuka mpaka mstari wa mwisho, akapanda. Akabadilisha idadi moja makusudi kuona kama jumla itatikisika. Ikatikisika. Akairudisha. Sikufikiria kamwe kujaribu hivyo. Ni kitu kidogo sana.

Mbuzi wa ng'ambo tumewahesabu upya. Kijumba cha Halima kilikuwa na arobaini na tatu. Nimekifuta, nimeandika kumi na moja. Mashine haikuuliza wengine wamekwenda wapi. Ilijumlisha.

Chama kimeamua kila familia itoe jike mmoja kwa wale sita, kidogo kidogo, kadiri watakavyozaa. Mimi nilikuwa na wanne tu, nimewatoa wote kwa Halima. Halima hakuja kuwachukua mwenyewe. Alimtuma binamu yake. Amewachukua, lakini.


Jumatano, 20 Agosti

Salim amerudi kazini. Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kumchukua. Leo alipita ofisini kuchukua boksi na sindano zake. Akasalimia wote pamoja, "Asalaam aleikum," nami nikiwa miongoni. Sikuitikia kwa sauti. Nilihisi si haki yangu.

Usiku wa jana niliota nambari. Sitaandika ndoto.


Alhamisi, 21 Agosti

Wamechanjwa wote wa ng'ambo. Chupa zilitosha, zikabaki. Halima aliwaleta mbuzi wake mmoja mmoja, akawashika shingo mwenyewe. Aliposhika wa mwisho akanitajia, "Kumi na tano," ili niandike. Kumi na moja wake na wale wanne. Nikaandika. Ndilo neno pekee aliloniambia siku nzima, na lilikuwa la kazi. Sitalifanya liwe zaidi ya hapo.

Naandika la asubuhi, maana ndilo ninalolala nalo.

Tulikuwa ukingoni, bado hatujavuka. Mtumbwi unangoja. Salim aliliweka boksi chini, akaniambia nisome jumla. Nikasoma. Kisha akataka kila familia, moja moja, mpaka ya mwisho. Nikasoma. Akafungua kifuniko, akazitoa chupa zote kwenye barafu, akazipanga juu ya kitambaa, akazihesabu. Akazirudisha. Akafunga. Akakaa kidogo, akafungua tena, akahesabu tena.

Zamani asingehesabu. Zamani angeuliza tu, "Tayari, dada?"

Nilisimama kando nikangoja. Mwenye mtumbwi alitaka kulalamika, nikamwashiria aache.

Alipomaliza alishika kishikio kimoja cha boksi, kile kingine akakiacha. Hakunitazama, hakuniita. Boksi lilikuwa limejaa barafu, zito. Nikainama nikashika kishikio cha pili, tukaliingiza mtumbwini.